Kukodisha kamera na vifaa vya video: leseni, kodi na mkataba unaoweza kukulinda

Kila msimu wa harusi, ofisi zetu za biashara za halmashauri hupokea lalamiko la aina moja. Kijana amemkodishia mpiga video mwenzake kamera, lenzi mbili na gimbo (kishikizo cha kutuliza kamera) kwa sendofu ya Jumamosi. Jumatatu simu haipatikani. Tukimwomba mkataba, hana. Risiti aliyonunulia kamera, hana. Tukiuliza leseni, anashangaa: "Mimi siuzi kitu, nakodisha tu."

Naomba tuelewane hapa kabla ya mengine. Kukodisha kifaa kwa malipo ni biashara, iwe vifaa viko kwenye fremu ya duka Sinza, chumbani kwako au ndani ya begi, na iwe wateja wanakupata dukani au WhatsApp. Sheria ya Leseni za Biashara, Sura 101, haiangalii ukubwa wa kibao chako.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unaanza na TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), ambayo hutolewa bure. Anayekudai fedha ya TIN anajilipa mwenyewe. TRA watakufanyia makadirio ya kodi na kukupa cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi. Ukiwa nacho, pamoja na mkataba wa pango la eneo la biashara, unaomba leseni kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Maombi yakipita utapewa namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo, si mkononi mwa mtu, hata kama mtu huyo amevaa kitambulisho cha ofisi. Leseni ni ya mwaka mmoja, inabandikwa mahali inapoonekana, na ni ya eneo moja: ukifungua tawi la pili, unakata nyingine. Ukichelewa kuihuisha, kuna adhabu juu ya ada, nayo huongezeka kadiri miezi inavyopita. Wengi hutuletea kilio wakiwa wameiacha mwaka mzima.

Kama biashara itatumia jina lisilo lako, lisajiliwe BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura 213. Cheti cha BRELA si leseni. Tumelisema hili kwenye semina, redioni na kwenye mabango, na bado tunakuta cheti kimewekewa fremu ya dhahabu ukutani na leseni haipo.

Makadirio ya kodi hulipwa kwa awamu nne. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, mwisho wa awamu ni tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ukipanga fremu, unatakiwa pia kuzuia, yaani kukata kabla ya kumlipa mwenye nyumba, asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA. Liongee na mwenye nyumba kabla ya kusaini, maana baada ya kusaini huwa ni ugomvi. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) isikutishe mwanzoni: kiwango cha kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka.

Sasa mkataba, na hapa ndipo watu wanapopoteza mali. Sheria ya Mikataba, Sura 345, ina sehemu nzima kuhusu mali iliyokabidhiwa mtu mwingine kwa muda. Wengi hawajui inasema nini, hivyo hudhani inawalinda kuliko ilivyo. Mkodishwaji anatakiwa kuitunza mali yako kama mtu makini wa kawaida anavyotunza yake. Akifanya hivyo na kamera ikaibwa, anaweza kutowajibika kukulipa, isipokuwa mkataba wenu umesema vinginevyo. Kwa hiyo useme. Andikeni nani anabeba hasara ya wizi, ya maji na ya kuanguka, na thamani ya kila kifaa iwe imetajwa kwa shilingi.

Akiitumia nje ya makubaliano, mfano umemkodishia kwa harusi ya Kinondoni akaipeleka Bagamoyo ufukweni, hasara ni yake hata kama hakufanya uzembe. Lakini hilo linakusaidia tu kama makubaliano yanaonekana mahali. Na upande wako: unayekodisha kwa malipo unawajibika kwa madhara yanayotokana na ubovu wa kifaa, hata kama hukuujua. Taa yenye waya uliochubuka ikimpiga mtu shoti ukumbini, "sikujua" haitakuokoa. Kila kifaa kikaguliwe kinapotoka na kinaporudi, mbele ya mteja: betri, chaja, vioo vya lenzi, nyaya. Orodha ibebe namba iliyochapwa na kiwanda kwenye kila kifaa, na wote wawili wasaini.

Tabia ya kushikilia kitambulisho cha NIDA kama dhamana iachwe. Kitambulisho si rehani. Chukua dhamana ya fedha na mdhamini anayejulikana makazi yake, barua ya serikali ya mtaa ikiwezekana. Nakala za vitambulisho unazotunza ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Inahusu pia memori kadi inayorudi na picha za bibi harusi wa watu: irudishe kwa mpiga video au ifute, usiitazame na rafiki zako. Droni ni suala la peke yake. Bila kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) usiitoe dukani, na muulize mteja anakwenda kuirusha wapi.

Kifaa kisiporudi, tofautisha mambo mawili. Mteja anayechelewa au anayebishia malipo ni shauri la madai, na polisi watakuelekeza Mahakama ya Mwanzo. Msiwalaumu kwa hilo. Aliyeuza au kuweka rehani kamera yako ametenda jinai. Nenda kituoni siku hiyohiyo ukiwa na risiti ya ununuzi, mkataba na orodha yenye namba za vifaa, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama una bima, wapigie kabla siku haijaisha, kwa sababu bima nyingi zina muda maalumu wa kutoa taarifa na RB ndiyo karatasi ya kwanza watakayoiomba.