"Mpaka Lamu" ni mpaka wapi?

Kazi yangu ni kuhamisha vyombo vya watu kwenda Lamu. Juzi magharibi nilipigiwa simu kutoka Mokowe. Mwalimu kahamishwa, katoka Malindi na vyombo vyake vyote, na dereva wa kanta, lori dogo, kazima injini. "Ananiambia tumefika. Tumefika wapi, kaka? Mimi nimelipa mpaka Lamu!" Maneno hayo nimeyasikia hadi yamenikaa kooni.

Gari halikufikishi Lamu mjini, kisiwani. Linapita Garsen, Witu na Hindi, linaishia Mokowe, upande wa bara. Mbele ya hapo ni maji, na mbele ya maji ni vichochoro. Kuhamia Lamu kuna bei tatu: ya gari, ya boti na ya mahamali, yaani wabeba mizigo. Ukitajiwa moja tu kwenye simu, bado hujatajiwa bei.

Watu wanadhani tapeli ni yule anayetoroka na vyombo. Wa namna hiyo wapo. Lakini ninaokutana nao mimi hawatoroki. Wanakufikisha, tena kwa salamu na heshima zote, hadi mahali ambapo huna nguvu ya kukataa.

Mahali penyewe ni gatini Mokowe. Maji yakiwa yamejaa, boti inalingana na gati na kazi ni nyepesi. Yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, boti iko chini kabisa. Friji inateremshwa kwa kamba: mmoja juu kajivuta nyuma kwa uzito wake wote, wawili chini wameinua mikono, na ubao waliosimama juu yake unacheza. Kazi hiyo ina haki ya kulipwa zaidi, silaumu. Ninachokikataa ni mtu anayeyajua haya tangu Malindi, ananyamaza njia nzima, anafika jua likizama, watoto wamechoka, halafu ndipo anataja "ya kushusha". Mwalimu alikuwa amekubaliana naye 18,000. Turubai halikufunguliwa mpaka aongeze 9,000.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza jambo hili hasa: kushikilia mali ya mteja ili kumlazimisha mpatane upya. Mwambie dereva hivyo bila matusi, piga picha ya gari na nambari zake, waite polisi. Hata hivyo sina hakika kwamba sheria inamsaidia mtu saa moja usiku gatini, magodoro yake yakiwa chini ya turubai la mwingine. Mara mbili nimemshauri mteja alipe kwa M-Pesa ili alama ibaki, ashushe vyombo, kisha adai. Mahakama ya madai madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Mmoja hakwenda kudai, na mpaka leo najiuliza kama sikumfundisha yule dereva kwamba njia hiyo inalipa.

Kuna imani nyingine: ukiombwa arbuni, yaani malipo ya awali, umepata tapeli. Si kweli. Mimi naomba arbuni kila mara, kwa sababu nahodha hawezi kuifunga boti siku nzima akingojea ahadi. Tazama kiasi, na tazama inakwenda kwa nani. Robo ni sawa. Anayetaka zote kabla hajapakia hata kiti, kata simu. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lisipokuwa la huyo unayezungumza naye, na akasema "laini ni ya mke wangu", simama hapo hapo. Wala usijipe moyo kwamba utarudishiwa. Ndiyo, unautuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456, lakini mpokeaji akishatoa pesa, hakuna cha kurudisha.

Picha ya lori si ushahidi wa chochote. Omba nambari ya gari, umtafute mwenye gari kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali.

Na mtu asikupe bei bila kuviona vyombo, japo kwa simu ya video. Samadari, kitanda kinachofunguka vipande, si sawa na kabati la kioo. Kuna vichochoro mtaa wa Mkomani, Lamu, ambapo punda wawili wenye mizigo hawapishani, na ngazi za nyumba za mawe zinapinda ghafla. Mwaka jana niliona vyombo vyote, nikapima mlango, nikasahau kupima ngazi. Sofa ya watu watatu ililala kwa jirani siku nne, na gharama ya fundi wa kuikata miguu niliilipa mimi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Kabla ya kutuma hata shilingi, mwandikie dereva hivi: "Tumekubaliana shilingi (taja kiasi), kutoka nyumbani kwangu Malindi hadi ndani ya nyumba yangu Langoni, Lamu. Ndani yake mna gari, kushusha Mokowe maji yakiwa yamejaa au yamepwa, boti, na mahamali wa Lamu. Vyombo ni hivi ulivyoviona. Nijibu kwamba umekubali." Kama kipande kimoja hakimhusu, akitaje sasa, ukitafutie mtu wake mapema. Akikujibu "usijali, tutaelewana mbele", arbuni yako ibaki mfukoni na utafute gari lingine.