Kukuza tishio: serikali inapotia chumvi habari za adui

Mtu anayekuza habari tunasema anatia chumvi. Msemo huu unaifaa mada yetu kuliko unavyoonekana, maana chumvi haiwi chakula peke yake. Lazima mboga iwepo chunguni kwanza. Ndivyo lilivyo jambo ambalo wachambuzi wa siasa za kimataifa huliita kukuza tishio. Adui yupo, silaha anazo, ila serikali inamweleza kwa wananchi kana kwamba ana nguvu zaidi au yuko karibu zaidi kuliko ushahidi unavyoonyesha. Kuzua adui asiyekuwepo ni uongo mtupu, na huo una jina lake.

Tishio hupimwa kwa uwezo na nia. Wanaoikumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameingia Kagera, watayatambua maneno hayo. Mwalimu aliongeza sababu, na alikuwa akieleza upande wake mwenyewe. Mchambuzi wa ujasusi hufanya hesabu hiyo kwa upande wa pili. Uwezo anaweza kuupiga picha. Nia imo kichwani mwa mtu.

Hata huo uwezo una vituko vyake. Julai 1955, kwenye maonyesho ya ndege huko Tushino, Moscow, Wasovieti walirusha ndege zao mpya kubwa za kudondosha mabomu mbele ya wageni, Wamarekani wakiwemo. Inavyosimuliwa, zilipita kumi, zikapotea machoni, zikageuza na kurudi pamoja na nyingine nane. Waliokuwa chini wakahesabu 28. Washington ikajiona inaachwa nyuma, na Bunge likaongeza fedha za kutengeneza B-52, ndege za mabomu za Marekani. Mwaka uliofuata ndege ya upelelezi ya U-2 ilianza kupita juu ya anga la Wasovieti, na picha zake hazikuonyesha kundi kubwa lililokuwa likiogopwa.

Somo halikukaa. Tarehe 4 Oktoba 1957 Sputnik ilipanda angani, na kila mtu alielewa kwamba roketi ya kupandisha satelaiti inaweza pia kufikisha bomu New York. Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, naye akajigamba kwamba viwanda vyake vinatoa makombora kama soseji. Makadirio ya Marekani yakapaa: Wasovieti wangekuwa na mamia ya makombora ya masafa marefu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukitazama nani alikadiria nini, utaona jambo. Jeshi la anga, ambalo ndilo lingepewa fedha nyingi za makombora ya kujibu, lilikuwa na tarakimu za juu kabisa. Jeshi la nchi kavu na la majini, yaliyokuwa yakigombea bajeti hiyo hiyo, yaliona makombora machache zaidi.

Seneta John Kennedy aliibeba hoja ya "pengo la makombora", yaani kwamba Marekani imeachwa nyuma na Wasovieti, kwenye kampeni ya urais ya 1960, akashinda. (Kwa hiyo si serikali peke yake inayoshika kijiko cha chumvi, mpinzani anayeitaka Ikulu hushika pia.) Februari 1961 waziri wake mpya wa ulinzi, Robert McNamara, aliwadokeza waandishi wa habari kwamba pengo hilo halipo, na Ikulu ikahangaika kuizima habari hiyo. Septemba, baada ya picha za satelaiti za Corona, tathmini ya siri ya makombora ya Wasovieti ilishuka hadi kati ya 10 na 25. Yaliyokuwa tayari kurushwa yalikuwa kama manne. Marekani ndiyo iliyokuwa mbele.

Rais Eisenhower, mtangulizi wa Kennedy, alikuwa na mashaka na pengo hilo muda wote, kwa sababu picha za U-2 hazikulionyesha. Lakini kuzitoa hadharani kungekuwa kukiri kwamba anavunja anga la watu, basi akanyamaza huku akishambuliwa kuwa amelala. Mjadala wa aina hii hukwama hapo hapo: anayedai tishio ni kubwa na anayedai ni dogo wote wanaelekeza kidole kwenye kabati lililofungwa.

Wataalamu hubishana kama matukio haya ni makosa ya kweli au hila. Kwangu mimi, ukitaka kutofautisha, fuatilia neno "huenda" uone limedondokea wapi. Mchambuzi huliandika. Bosi wake hulipunguza makali. Likifika jukwaani halipo.

Mfano ulio wazi ni mabomba ya alumini ya Irak, yenye kipenyo cha milimita 81. Shirika la ujasusi la CIA lilisema ni ya mashine za kurutubisha urani, yaani kuiandaa kwa bomu la nyuklia. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambao ndio wanaozijua mashine hizo, walisema yanafaa zaidi kwa roketi za kawaida za vita. Tarehe 12 Septemba 2002 Rais George W. Bush alisimama Umoja wa Mataifa na kusema ni mabomba ya kurutubishia urani, bila kugusia ubishi wowote. Machi 2003 vita vikaanza, na baadaye wachunguzi hawakukuta mpango wowote wa nyuklia uliofufuliwa. Saddam mwenyewe alichangia: alipendelea Iran isijue kwa hakika kwamba hana kitu, kama Khrushchev na soseji zake.

Wanaotetea serikali wana hoja nzito, nayo ni kwamba kupuuza huua pia. Stalin, kiongozi wa Wasovieti, alionywa mara nyingi kabla ya Wajerumani kuvamia Juni 1941, akaona ni uchochezi wa Waingereza. Na mwishoni mwa 2021, Marekani na Uingereza zilipoanza kutangaza kwamba Urusi inajiandaa kuivamia Ukraine, Paris na Berlin walitilia shaka, na hata Kyiv waliomba watu wasitiwe hofu. Waliokataa kuamini walikuwa na kumbukumbu ya Irak mkononi. Safari hii picha za maelfu ya askari mpakani zilikuwa za kweli, na alfajiri ya 24 Februari 2022 vifaru vilivuka.