Utayari wa kuhudumia watoto wakati wa mlipuko: maana yake kwa muuguzi

Wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza kama Ebola, utayari wa kuhudumia ni kukubali kwa hiari kumuuguza mgonjwa huku ukijua kazi hiyo inaweza kukuambukiza. Usiuchanganye na uwezo. Nesi anaweza kuwa na ujuzi wote na asitake kuingia wadi. Mwingine anatamani kuingia ila hana wa kumwachia mwanawe anayenyonya. Mpanga zamu asipotenganisha hayo mawili, atamwita mwoga mtu aliyekosa yaya.

Kwa watoto, utayari huo hujaribiwa vikali zaidi. Mtu mzima utamwomba ageuze uso anapokohoa. Mtoto wa miaka miwili hukukoholea usoni, huvuta barakoa na kung'ang'ania shingo ya anayembeba. Kumwekea kanula, yaani mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, kunataka watu wawili, mmoja amshike na mwingine atafute mshipa mwembamba, wote wamevaa glavu mbilimbili na miwani imeingia ukungu. Akirusha mguu, sindano inaweza kuchoma vidole vya yule aliyemshika.

Haiba ya muuguzi, yaani hulka yake, ina sehemu yake hapa. Upole humvuta kuingia, lakini pia humponza: muda wake ndani ya mavazi ya kujikinga umekwisha, mtoto analia, naye anaongeza dakika kumi. Anatoka hoi, na kuvua mavazi ndiyo hatua hatari kuliko zote, kwa sababu mkono uliochoka hupanda usoni wenyewe. Ndiyo maana lazima awepo mwangalizi mwenye mamlaka ya kumtoa kwa wakati, kisha amsomee hatua za kuvua moja moja, glavu zikioshwa kwa klorini ya 0.5% kila baada ya hatua.

Umakini nao hueleweka vibaya. Muuguzi mwenye tabia ya kukagua kila kitu anaweza kuwa wa kwanza kukataa, kwa kuwa ameona aproni zimepungua au sehemu ya kuvulia haina maji. Kabla ya kumwandikia barua ya onyo, muulize ameona nini. Mwenye wasiwasi mwingi, kwa upande wake, hutulia zaidi akishazoea mazoezi ya kuvaa na kuvua kuliko akihimizwa kwa maneno.

Swali la “Uko tayari, ndiyo au hapana?” halipimi chochote cha maana. Uliza kazi kwa kazi: kumlisha mtoto anayetapika, kumtoa damu, kumpulizia hewa kwa mfuko wa kumsaidia kupumua. Uliza pia kwa masharti: ukiwa umechanjwa? Ukipata malazi mbali na familia? Mtu huyohuyo hutoa majibu tofauti.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto, na wahudumu wa afya zaidi ya 170 waliambukizwa. Katika mji wa Beni vilitumika vyumba vya plastiki angavu vyenye mikono ya glavu ukutani, muuguzi akimhudumia mgonjwa kutoka nje, na mtoto akiuona uso wake. Huko Beni na Butembo, watu waliopona, ambao tayari miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliwabeba, wakawanywesha maziwa na kuwabembeleza mpaka wakalala.