Macho Mekundu kwa Watu Wazima: Maswali Tunayoulizwa Kliniki

Macho mekundu ni ugonjwa gani?
Ni uvimbe wa utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Jicho linawasha, linakwaruza kama lina mchanga, linatoa machozi au tongotongo, na asubuhi kope zinaamka zimegandana.

Unasababishwa na nini?
Kwa watu wazima, mara nyingi ni virusi. Mlipuko uliotangazwa Dar es Salaam Januari 2024 ulikuwa wa virusi. Bakteria hutoa usaha mzito unaorudi kila ukipangusa. Mzio huwasha sana, hushika macho yote mawili, na kwa kawaida huandamana na chafya.

Dawa yake ni ipi?
Wa virusi huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili, mara nyingine tatu. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji safi ya baridi juu ya kope ulizofumba, meza parasetamoli ukihitaji. Antibayotiki haiui virusi, hata ukidondosha chupa nzima. Wa bakteria unaweza kupewa antibayotiki kama kloramfenikoli, na wa mzio una matone yake.

Jirani alipona kwa dawa fulani. Naweza kuitumia?
Hapana. Kila mara anakuja mtu, anachomoa kichupa mkobani: maandishi yamefutika, nchani pameganda tongotongo. "Daktari, hii ndiyo ilimponya shemeji." Ncha hiyo imegusa jicho la shemeji, sasa inagusa lako. Na shemeji huenda alipona kwa sababu siku za ugonjwa zilitimia tu. Matone mengi ya macho yakishafunguliwa hutupwa baada ya wiki nne. Yale ya mwaka jana kabatini ni ya kutupa, si ya kuazimana.

Na nikinunua mpya dukani, bila kupimwa?
Hapa ndipo watu wanapopotezea macho. Matone mengine yana steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwa mfano deksamethasoni, peke yake au pamoja na antibayotiki. Wekundu unapungua haraka, mtu anasifu dawa, anarudi kununua nyingine. Kumbe kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kulikuwa na kidonda cha fangasi au cha virusi vya malengelenge, na steroidi inakiachia kila kukicha kizidi kuchimba. Ukiitumia kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya macho, na uoni ulioharibiwa na presha ya macho haurudi. Kwa hiyo hapana: usitie tone la steroidi kabla jicho halijapimwa.

Tumbaku, mkojo, majani ya chai, maziwa ya mama?
Hapana, hapana, hapana na hapana. Maziwa mwachieni mtoto. Mkojo unaweza kubeba kisonono, na kisonono kikiingia jichoni kinaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana. Tumbaku inaunguza, basi.

Nisubiri siku ngapi kabla ya kwenda hospitali?
Kama jicho linauma hasa, siyo kukwaruza tu, usisubiri. Kama uoni umefifia na haurudi ukipepesa, usisubiri. Kama mwanga unakuumiza, kuna doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, unavaa lenzi, au yote yalianza baada ya jani la muhindi, kibanzi au cheche za kuchomelea, usisubiri. Vua lenzi, uende leo. "Nilikuwa naangalizia kwanza" ndiyo sentensi tunayoisikia kwa watu waliofika wiki ya tatu, kidonda kimeshaacha kovu. Kovu hilo halifutwi na matone.

Nikimtazama mgonjwa nitaambukizwa?
Hapana, na miwani ya jua haizuii maambukizi, inampunguzia mgonjwa mwanga tu. Ugonjwa unapita mikononi: unafikicha jicho, unashika noti, unampa kondakta. Nawa kwa sabuni, salimia kwa mdomo, taulo na foronya ziwe zako peke yako. Mama, ncha ya kanga unayojifutia jicho isimfute mtoto pua. Wanja na maskara ulizotumia ukiumwa, tupa. Kazi yako ikiwa ya kushika watu au chakula, omba ruhusa upumzike mpaka machozi na tongotongo vikatike.