Minazi ya Huyu, Hati ya Yule: Ukoloni Uliobaki Kwenye Ardhi ya Malindi

Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa na kifungu kilichotaja minazi kwa jina. Kilisema kwamba aliyepewa cheti cha umiliki atahesabiwa kuwa ndiye mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyokuwa juu ya ardhi hiyo siku cheti kilipotolewa, isipokuwa kama cheti chenyewe kimeandikwa vinginevyo. Anayetaka kuelewa ukoloni uliwafanya nini wenyeji wa Malindi anaweza kuanzia hapo. Kwa mistari hiyo michache aliyepanda mnazi angeweza kuupoteza bila mtu yeyote kufika shambani kwake.

Kwa desturi ya Wamijikenda, yaani makabila tisa ya Pwani ya Kenya, na hata ya Waswahili wa mjini, mti na ardhi ni vitu viwili. Aliyepanda mnazi, mwembe au mkorosho aliumiliki, akaurithisha wanawe, akauweka rehani au akauuza, hata kama ardhi ilikuwa ya mwingine. Sheria ile haikuwa kipofu kabisa: iliweka cheti cha pili, cha mtu mwenye haki fulani juu ya ardhi asiyoimiliki, na mwenye minazi angeweza kukiomba. Lakini ilimbidi ajue kwamba kipo, afike kwa Msajili wa Hati ndani ya muda uliotangazwa, na alete ushahidi wa namna ambayo ofisi ilikubali. Aliyekaa kimya alihesabiwa hana kitu.

Ukoloni kwa maana ya kawaida ni taifa moja kuwatawala watu wa nchi nyingine bila ridhaa yao, likatwaa ardhi, nguvu kazi na mazao yao. Maana hiyo ni sahihi, ila haielezi kwa nini mtu aliyezaliwa Ganda au Gongoni miaka 40 baada ya uhuru anaweza kuitwa skwota, yaani mkaaji asiye na hati, kwenye shamba walikozikwa babu zake. Bendera ilishuka Desemba 1963. Utaratibu wa kuamua nani ni mwenye mali, na nani abebe mzigo wa kuthibitisha, haukushuka nayo.

Waingereza hawakuikuta Malindi ikiwa haina dhuluma. Mwaka 1861 Sultani Majid wa Zanzibar aliufufua mji huu kwa kupeleka askari na watumwa, na kwa miongo iliyofuata mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalilimwa kwa jasho la watumwa. Waliotoroka walijijengea makazi bara, Fuladoyo ikiwa mojawapo. Anayesimulia historia ya Pwani kana kwamba uonevu wote ulishuka na Mzungu anawafuta watu hao kwa mara ya pili.

Tarehe 15 Juni 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Desemba mwaka huo ikafunga mkataba na Sultani: ukanda wa maili 10 kutoka baharini, yaani kilomita 16 hivi, pamoja na visiwa vya Lamu, ungebaki mali ya Sultani kwa jina na kutawaliwa na Mwingereza kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Wamijikenda waliokuwa wakiishi ndani ya ukanda huo hawakuulizwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, fidia walilipwa mabwana. Walioachwa huru hawakupewa fidia wala ekari moja ya ardhi waliyoilima, na wengi walibaki palepale kwa ruhusa ya bwana wa jana.

Mwaka mmoja baadaye ndipo ilipokuja sheria ya hati. Serikali ilitangaza eneo, kisha kila anayedai ardhi ya binafsi akatakiwa kuwasilisha dai kwa Msajili wa Hati ndani ya muda uliowekwa. Dai lilisikilizwa, shamba likapimwa, cheti kikatolewa au kunyimwa. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake lilishindwa, ikawa mali ya Taji la Uingereza. Malindi ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kushughulikiwa.

Mahali wenyeji walipoangukia panaonekana wazi. Sheria ilifungua mlango kwa dai la mtu mmoja mmoja, na ardhi ya Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, ilikuwa ya ukoo. Mkulima anayepumzisha konde miaka kadhaa ili udongo upate nguvu huacha nyuma yake kichaka, na mbele ya mpimaji kichaka ni ardhi isiyo na mwenyewe. Tena serikali iliwahesabu Wamijikenda kuwa watu wa bara, ambao mahali pao ni hifadhi ya wenyeji nje ya ukanda. Kwa hesabu hiyo Mgiriama aliyelima karibu na mji hakuwa na dai. Alikuwa amepotea njia. Wenye mashamba wa mjini, kwa upande wao, walijua kusoma, walikuwa karibu na ofisi, na baadhi walikuwa na nyaraka zilizoandikwa mbele ya kadhi. Karatasi ilizaa karatasi. Vyeti hivyo vikarithiwa, vikauzwa, vikavuka bahari pamoja na wenyewe. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuletewa notisi ya kuhama na mwenye hati ambaye hakuna kijijini aliyewahi kumwona.

Kaskazini ya mto Sabaki mambo yalikwenda kwa nguvu zaidi. Wagiriama walikuwa wamevuka mto na kulima mahindi kwa wingi, wakiuza nafaka kupitia Malindi. Mkulima anayejitosheleza haendi kuwa kibarua, na mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua. Kuanzia 1912 ofisa Arthur Champion alitumwa kukusanya kodi ya nyumba, kuandikisha wafanyakazi na kuwarudisha watu kusini ya mto. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwalisha watu kiapo cha kukataa, wakakamatwa mwaka 1913 na kupelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka na kurudi kwao. Agosti 1914 serikali iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na masharti ya amani yakawa faini ya rupia 100,000, watu wa kazi, na kuondoka ng'ambo ya Sabaki.

Vitabu vya shule husimulia ushujaa wa Mekatilili, na ni haki yake. Kisichoelezwa vya kutosha ni hesabu ya chakula. Ghala la Wagiriama lilikuwa ng'ambo ile. Walipoondolewa walisongamana kwenye ardhi kame ya kusini, biashara yao ya nafaka ikavunjika, na njaa ya mwaka 1918 iliwakuta hawana akiba. Baadaye waliruhusiwa kurudi, lakini kama wakaaji wa ardhi ya serikali. Eneo hilohilo, Magarini, mwishoni mwa miaka ya 1970 liligawanywa viwanja vya mistari iliyonyooka chini ya mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia. Wenyeji wakajikuta wanaomba kupewa ardhi waliyokuwa wakiilima.

Uhuru ulikuja na kufuli lake. Oktoba 1963, ilipokubaliwa kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, Jomo Kenyatta alimwandikia Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, ahadi kuhusu dini, mahakama za kadhi na elimu. Miongoni mwake ilikuwamo hii: hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa daima. Ahadi za ibada na kadhi zilikuwa za haki. Ile ya hati iliuchukua uamuzi wa Msajili wa kikoloni na kuukabidhi kwa taifa huru bila kuuliza ulifikiwaje.

Kwa wawindaji, pigo lilipita njia nyingine. Waata wa nyuma ya Malindi na Waboni wa Lamu, wanaojiita Aweer, hawakuwa na konde la kupimwa. Mali yao ilikuwa msitu wenyewe, asali na nyama. Sheria za kikoloni za wanyamapori zilimpa leseni aliyewinda kwa starehe na kumfunga aliyewinda ale. Katika miaka ya 1950 Waata wengi walikamatwa kwenye msako wa majangili katika mbuga ya Tsavo. Serikali huru iliendelea palepale: hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa mwaka 1976, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Kabla ya hapo, wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960, yaani vya waasi waliotaka kaskazini mashariki ya Kenya ijiunge na Somalia, Waboni walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji kando ya barabara ya kwenda Kiunga, na Wabajuni wengi wa bara walikimbilia visiwani. Wengi wao hawakupata nafasi ya kurudi kwenye mashamba yao.

Sheria ya leo inampa mwenyeji njia tatu, na kila moja ina shimo lake.

Ya kwanza ni dai la dhuluma ya kihistoria mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria inaihesabu dhuluma iliyotendeka kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipozinduliwa. Angalia tarehe ya kwanza: ardhi iliyotwaliwa kwa mashamba ya watumwa tangu 1861 haimo, ingawa kitendo cha kuisajili baada ya 1908 kimo. Anayeandaa hoja aielekeze kwenye usajili, asiielekeze kwenye uvamizi wa awali. Marekebisho ya 2016 yaliweka muda wa miaka mitano wa kuwasilisha madai, na muda huo uliisha Septemba 2021. Wasiowasilisha waulize kwanza Tume kama mlango umefunguliwa tena, kabla ya kumlipa yeyote anayejitolea kuwaandikia dai.

Ya pili ni umiliki kwa kukaa. Aliyekaa kwenye ardhi ya binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyopo Malindi imtangaze mmiliki. Hati ikiuzwa katikati, miaka haianzi upya. Lakini haihesabiki dhidi ya ardhi ya umma. Kama kiwanja kilikuwa cha serikali hadi mtu fulani alipopewa hati mwaka 1995, hesabu inaanza 1995, hata kama mababu walikuwapo tangu vita vya Sabaki. Na neno ruhusa ndilo linaloua kesi nyingi. Kwa heshima au kwa hofu, wazee wengi walilipa kodi ya ardhi kila mwaka na kutunza risiti wakidhani ni ushahidi wa haki yao. Mahakamani risiti hiyo inathibitisha kinyume: kwamba walikaa kwa idhini ya mwenye shamba. Hali ni hiyohiyo kwa aliyetia kidole gumba kwenye barua ya kuomba aongezewe muda wa kuhama. Asiyesoma barua asiitie alama mpaka asomewe na mtu asiye wa upande ule.

Kesi nyingine hufa kwa karatasi moja iliyokosekana. Ombi lazima liambatane na nakala ya rekodi ya hati iliyothibitishwa na ofisi ya ardhi, si fotokopi ya dalali. Fanyeni upekuzi rasmi, ambao wengi huuita sachi, kwa nambari ya kiwanja. Hati nyingi za zamani za Pwani zilisajiliwa Mombasa na hubeba nambari yenye herufi CR, kwa hivyo msiishie Kilifi. Kisha mlete saveya aliyesajiliwa aonyeshe kila familia inakaa sehemu gani na ukubwa wake. Watu 200 wakishtaki kwa pamoja wakisema tu "tunakaa kwenye shamba hili", jaji hana cha kuwapa.

Ya tatu ni ardhi ya jamii. Katiba, kifungu cha 63, inaingiza humo madhabahu, malisho, misitu ya jamii na ardhi za mababu za jamii za wawindaji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, jamii hukutana na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, hujisajili, kisha hutolewa tangazo la siku 60 kwa wenye madai mengine kabla ya upimaji. Mkataba wowote na mwekezaji unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya mkutano wa jamii; saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Kabla ya usajili, ardhi iko mikononi mwa serikali ya kaunti kama amana, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza ya mtu binafsi. Ikichukuliwa kwa mradi wa umma, fidia huwekwa kwenye akaunti maalumu yenye kuzaa faida hadi jamii isajiliwe, na hapo ndipo hutolewa. Wanaochelewesha usajili kwa ugomvi wa uongozi wanachelewesha pia pesa zao.

Kuna uamuzi mmoja unaofaa kusomwa na kila kamati. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Hakuna aliyekuwa na hati ya bahari. Madai yao yalisimama juu ya haki zao za jadi za uvuvi, ambazo mradi uliziathiri. Majina ya miamba, mikondo na misimu, yakiwekwa kwenye ramani na kuthibitishwa na wazee kwa kiapo, ni ushahidi. Kwa Malindi orodha kama hiyo ni ya makaburi, visima, miembe iliyopandwa na nani na lini, na njia za kwenda kaya takatifu. Ichukueni sasa, kwa maandishi na kwa sauti, wakati waliopanda au watoto wao bado wanaweza kuapa mbele ya kamishna wa viapo. Kila kiapo kitaje kipande cha ardhi kwa mipaka yake, maana barua ya chifu inayosema "huyu ni mkazi wa hapa" hairudishi hata mnazi mmoja.