Silabi na mofimu: namna mbili za kulikata neno refu la sayansi

Mwanafunzi wa tuisheni pale Majengo, Mombasa, akifika kwenye schistosomiasis hulimung'unya kisha akaruka mstari. Ugonjwa wenyewe anaujua vizuri: ni kichocho, ule wa kukojoa damu. Kinachomshinda ni urefu wa neno.

Neno kama hilo hukatwa kwa njia mbili, na kila njia ina kazi yake. Silabi ni za mdomo: shis-to-so-mai-a-sis, sita, mkazo kwenye mai. Ukishalisema hivyo mara tatu ulimi unazoea, lakini maana bado hujaigusa.

Maana iko kwenye mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, na hapa zimetoka Kigiriki. Schisto ni kitu kilichopasuka, soma ni mwili, iasis ni hali ya ugonjwa. Mwili uliopasuka? Ndiyo. Mnyoo dume wa kichocho ana mfereji unaopita kwa urefu wa mwili wake, na jike hulala humo ndani. Aliyempa jina alieleza alichokiona.

Sasa tazama mipaka. Mofimu inasema som-iasis, silabi inasema so-mai, m imehamia upande wa pili. Mambo haya tumeyafanya kwenye somo la Kiswahili: walisomeshwa ina silabi wa-li-so-me-shwa, ila mofimu zake ni wa-li-som-esh-w-a. (Som hii yetu na ile ya Wagiriki hazina undugu, zimekutana njiani tu.) Kwa hiyo anayetafuta maana kwa kufuata silabi atapotea. Hepatitis huisemi hepat-itis, lakini ndivyo ilivyoundwa: hepat ni ini, itis ni kuvimba. Ukiijua itis, gastritis na tonsillitis zinakuwa nusu zimeshafunguka, na mkazo unaujua pia, kwani huangukia i ya kwanza ya itis, inayotamkwa ai.

Mimi ningeanza na viambishi tamati, yaani vipande vya mwisho wa neno kama itis na iasis, maana ni vichache na vinajirudia kila ukurasa. Mizizi itafuata yenyewe.

Yapo maneno yasiyokubali kisu cha mofimu. Kichocho huitwa pia bilharzia, na mwenye kuchimbua mzizi wa Kigiriki humo atachimba bure: ni jina la Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyewaona minyoo hao nchini Misri mwaka 1851. Hilo likate silabi tu, bil-har-zi-a, uendelee na kusoma.