Kutafuta mimba ukikaribia miaka 40 baada ya kutibiwa faibroidi

Faibroidi ni nini?
Ni uvimbe wa misuli unaoota kwenye mfuko wa uzazi. Si saratani. Unaoingia ndani ya chumba cha mfuko ndio unaosumbua mimba zaidi.

Nilitolewa uvimbe. Bado naweza kubeba mimba?
Ndiyo, ilimradi mfuko wenyewe umebaki. Kama uvimbe ulitibiwa kwa kuzibwa mishipa ya damu, mimba inawezekana, lakini muone kwanza daktari bingwa wa uzazi. Kama ulipewa sindano za kuufanya usinyae tu, fahamu kuwa zikisimama uvimbe hukua tena.

Nisubiri muda gani baada ya upasuaji?
Kwa kawaida miezi 3 hadi 6, na pengine zaidi kama mkato ulikuwa wa kina. Aliyekupasua ndiye anayejua alikata wapi. Muulize, akuandikie. Muda huo ukiisha, anza.

Nimeshauriwa nipumzishe kizazi mwaka mmoja au miwili, nikisafishe kwa dawa kwanza.
Hapana. Tafadhali, hapana. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Hedhi inafanya kazi hiyo. Dawa za kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi, na maambukizi yakipanda huziba mirija. Nawaona kina dada waliopasuliwa vizuri, kidonda kimepona vizuri, kisha wanarudi na miaka 42 wakiwa wamemaliza muda wao wote kwenye chupa na vifurushi. Kidonda kilishapona zamani. Mayai hayakuwasubiri.

Lakini hedhi yangu haijakosa hata mwezi mmoja. Si dalili kwamba mayai yapo?
Yapo, ila yamepungua na mengi yana kasoro. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Hayaongezeki, na hakuna kinywaji kinachoyarudisha ujana. Mwanamke wa miaka 25 ana nafasi ya takriban 25 kati ya 100 ya kushika mimba kila mwezi. Akifika 40 ni karibu 5 kati ya 100. Katika umri huo, takriban mimba moja kati ya tatu huharibika, na uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili) ni karibu 1 kati ya 100. Wengi bado hujifungua watoto wazima. Sikutajii haya ukate tamaa, nakutajia uache kuahirisha.

Basi niende hospitali lini?
Aliyepita miaka 35 asijaribu zaidi ya miezi 6 bila kumuona daktari. Ukikaribia 40, usingoje hata hiyo miezi 6: nenda sasa, kabla hujaanza. Utapimwa kwa ultrasaundi kuona kama uvimbe umerudi, kwani hurudi, na utapimwa presha, sukari, damu na homoni inayokadiria akiba ya mayai. Anza vidonge vya foliki asidi, miligramu 0.4 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Na mumeo apimwe mbegu mwezi huohuo! Ni kipimo chepesi, hakina kisu wala maumivu, lakini wanaume wanakikwepa huku mke akipigwa picha ya mirija mara mbili.

Nikikosa, si nitapandikiza mimba baadaye?
Upandikizaji unatumia mayai yaleyale. Ukichelewa kwa mayai yako, umechelewa na huko pia, labda ukubali mayai ya mwanamke mwingine.

Na kama sina hakika kwamba nataka mtoto?
Una haki hiyo, na mawifi hawana kura. Ila amua kwa kujua, na kama hutaki, endelea kutumia uzazi wa mpango. Wapo wanaoshika mimba wakidhani wamepita umri.

Nikishika mimba nifanye nini?
Anza kliniki mapema na mwambie mkunga ulipasuliwa. Beba karatasi ya upasuaji kila hudhurio. Wengi hupangiwa kujifungua kwa upasuaji kabla ya uchungu, kwa sababu kovu linaweza kuachia na mfuko ukapasuka. Si jambo la kawaida, lakini likitokea linaweza kuua mama na mtoto. Usijaribu uchungu nyumbani. Ukipata maumivu makali ya ghafla, ukitoka damu, au mtoto akiacha kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.